Boti ya Nikitas

Minas alikuwa amelala chali juu ya mawe, chini ya tumbo la boti, mvua ya Februari ikimwingia kwenye kola na uzi mnene wa pamba ukimning'inia mdomoni. Alikuwa anapiga kalafati, anaziba nafasi kati ya mbao kwa pamba. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa chumvi na lami, na kila nyundo ilipogonga patasi, ufa wa kidole gumba ulifunguka ukatoa damu. Hakukifunga kitambaa. Ukifunga kidole husikii chuma kinasema nini, na usiposikia unaishindilia pamba kupita kiasi na mbao zinaachana.

Babake, Mzee Nikitas, alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, mwavuli mkononi, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Mguu ule uliharibika zama za kuzamia sponji, siku alipopanda juu upesi kutoka kina kirefu. Wenzake wengine hawakupoteza mguu tu.

"Kaka yako Sakellaris angetumia gundi ya kisasa," Mzee alisema. "Kule Australia hulikuti jitu zima limelala kwenye tope na pamba mdomoni."

"Basi aje na gundi yake, mimi nitamshikia mwavuli."

"Chunga mdomo wako."

"Naam, baba."

Simu ya Mzee ililia. Ilikuwa ni ile simu kubwa aliyotumiwa na Sakellaris, na ilipolia Mzee alibadilika uso mzima, akajifuta pua, akaweka kofia sawa. Minas aliujua uso ule. Yeye alikuwa akiishi na ule mwingine.

"Toka huko chini," Mzee aliita. "Njoo umwonyeshe kaka yako boti. Mimi mkono unatetemeka."

Minas akatoka, tope mgongoni, akaishika simu. Sakellaris alikuwa kwenye kioo, fulana ya mikono mifupi, jua limempiga upande mmoja wa uso, nyuma yake majani mabichi. Meno yote yapo. Mkubwa wake kwa miaka mingi, na ukiwaweka pamoja mgeni angesema Minas ndiye mkubwa.

"Haya mdogo wangu, nitembeze."

Minas alimtembeza. Alimwonyesha mabenchi mapya pande zote mbili, na nyuma ya mabenchi matundu ya kusimamishia mitungi ya hewa, kila tundu limezungushiwa mpira wa ndani wa tairi ya lori ili mtungi usigonge mbao wakati wa mawimbi. Alimwonyesha sanduku la mikanda ya risasi, ile mizito ya kumshusha mzamiaji, lililofungwa sakafuni kabisa, kwa sababu risasi ikihama upande boti inalala. Alimwonyesha fimbo za kutundikia suti, mahali pa chupa ya oksijeni ya dharura, na injini ya dizeli aliyoipata kwa kumwezekea mtu paa zima. Mkono uliokuwa umeshika simu ulianza kufa ganzi.

"Mitungi isogeze katikati," Sakellaris alisema, "isielemee tezi, huko nyuma."

"Iko katikati, kaka."

"Ndiyo, hivyo hivyo. Kazi nzuri. Baba, unaona anavyojituma?"

"Mimi ndiye ninayemsimamia," Mzee akasema.

Minas akarudi chini ya boti. Wivu ulikuwa umemshika, na si mara ya kwanza. Hakuuonea wivu utajiri wa kaka yake peke yake. Aliionea wivu hata ile fulana. Aliuonea wivu ule uso wa baba unaotokea simu ikilia.

Kwetu kisiwani mali haimfuati mtu, inafuata jina. Mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na anayebeba jina hubeba nyumba, shamba na mizeituni. Wa pili hubeba maji. Sakellaris alipewa jina la babu Sakellaris na nyumba ya babu ikaja nalo, nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya buluu yanayotazama bandari, kisha akaenda Australia kuwajengea watu wengine nyumba. Minas alipewa jina la babu mzaa mama. Upande wa mama mali huenda kwa mabinti, kwa hiyo jina lake lilikuja tupu. Akaja akamwoa Themelina, na Themelina naye ni binti wa pili kwao, nyumba ya mama yao kaichukua dada mkubwa. Watu walicheka sana kwenye harusi ile. Wa pili kaoa wa pili, walisema, hapo watagawana upepo.

Walikuwa wakiishi chini ya nyumba ya Sakellaris, kwenye stoo ambamo zamani sponji zilikaushwa. Harufu haikuwahi kutoka. Mabinti zao wawili walilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, miguu ya huyu usoni kwa yule. Juu ya vichwa vyao kulikuwa na vyumba vitatu na kitanda kipana chenye shuka nyeupe, na kila Jumamosi Themelina alipanda ngazi kufungua madirisha, kukung'uta godoro na kutandika upya, ili mwenye nyumba akija Agosti asikute vumbi. Mzee alilala kwenye chumba kidogo cha huko juu, kama mlinzi.

"Siku moja nitajilaza pale," Themelina alisema aliporudi na ndoo. "Nitalala na viatu."

"Baba atakusikia."

"Asikie. Nimechoka kutandikia hewa."

Boti ndiyo kitu pekee kilichokuwa hakijafuata jina. Mzee Nikitas aliinunua mwenyewe kwa sponji zake, akaipa jina lake mwenyewe, na sponji zilipougua na biashara ikafa aliivuta ufukweni na kuiacha. Kuku walitagia ndani. Watu wa manispaa walitaka kuichoma. Ndipo wazamiaji wa kigeni walipoanza kuja na mahema yao wakiulizia boti ya kuwapeleka kwenye mapango yaliyo chini ya rasi, mapango ambayo Minas aliyajua toka ujana kwa kushuka na mpira wa hewa mdomoni. Akaenda kwa baba yake mgahawani, mbele ya watu, akaomba.

Mzee alizungusha kikombe cha kahawa. Kisha akasema, na mgahawa mzima ukasikia, "Sakellaris hana mtoto na umri umekwenda. Jina langu halina pa kwenda. Ukiiamsha ile boti ikaelea, nakuandikia wewe. Pasaka tunakwenda kwa mwanasheria."

Hayo ndiyo maneno. Hakuna aliyesikia mengine.

Lakini kulikuwa na jambo Mzee alilolisema kana kwamba ni la hali ya hewa tu, kwamba jina lake halina pa kwenda. Minas na Themelina walitazamana usiku ule wakila mkate wao mkavu na mizeituni. Maana wao walikuwa na mtoto wa kiume. Tuseme hivyo hivyo, walikuwa naye.

Alizaliwa miaka ya nyuma, majira ya baridi, ana nywele nyingi nyeusi na hasira. Kwetu mtoto hana jina mpaka padri amzamishe kwenye maji. Kabla ya hapo anaitwa mtoto, basi. Themelina alitaka abatizwe upesi. Mzee akakataa. Nikitas, alisema, habatizwi na mtu wa mtaani. Baba wa ubatizo atakuwa Sakellaris. Sakellaris akapigiwa simu, akafurahi, akasema Agosti atakuja, msimfanyie lolote bila mimi. Wakangoja. Machi mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Kule zahanati, daktari akihangaika na mshipa usioonekana, Themelina alimvuta Minas kwa mkono wa koti.

"Mwinue," alimwambia. "Mwinue juu mara tatu umtaje."

Padri asipokuwapo, mtu yeyote anaweza kumwinua mtoto hewani na kumtaja jina, na inahesabika kuwa ubatizo. Kila mtu kisiwani anajua. Minas alijua. Ila alimwonea haya daktari, kijana wa Athene mwenye miwani, angewaona washamba. Na aliona kumwinua ni kama kukubali kwamba anakufa.

"Anapumua bado," alisema. "Tumwache daktari afanye kazi."

Kwenye msalaba mdogo padri aliruhusu waandike *mtoto wa Minas*. Mzee alilia kaburini, alilia kweli, lakini walipokuwa wakishuka kilima alimshika Minas bega na kumwambia pole, mwanangu, Mungu atakupa Nikitas. Kana kwamba yule hakuwa ameletwa. Themelina hakuzaa tena.

Basi boti ikafanyiwa kazi baridi ile nzima. Minas aliamka kabla ya jua, akafanya vibarua vya watu hadi adhuhuri, kisha akaingia chini ya mbao zake. Alibadilisha mataruma, mbavu za boti, yaliyooza. Alipiga randa mkuku, uti wa chini wa boti, hadi ukang'aa. Themelina alishona turubai la kivuli kwa mashine ya dada yake, na dada yake akataka arudishiwe uzi. Wanaume wa mgahawani walipita kutazama, wakitafuna mbegu, na maneno yao yalikuwa matamu kiasi cha kumwogopesha. Minas sasa mwenye boti. Minas bosi. Minas utatusalimia kweli?

Kwa mara ya kwanza maishani alihisi wengine wanamwonea yeye wivu. Hakujua aweke wapi uso wake. Alikuwa akitembea nao mjini kama mtu aliyevaa suti ya kuazima.

Juma moja kabla ya Pasaka alikuwa anapaka rangi ya chini, ile nyekundu inayozuia konokono wa baharini, aliposikia kelele kutoka juu. Mzee alikuwa anakuja ufukweni bila fimbo. Mguu mbovu aliuburuta tu, simu kaiinua juu ya kichwa.

"Amefika," alisema. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. "Nikitas amefika. Evdokia kajifungua. Mwanamume."

Evdokia alikuwa mke wa pili wa Sakellaris, msichana wa kisiwa chetu aliyezaliwa hukohuko Australia. Walikuwa wameificha mimba, kwa kuogopa kijicho. Mzee alimgeuzia Minas kioo. Palikuwa na kitu chekundu kimefunikwa blanketi, macho yamefumba, ngumi imekunjwa chini ya kidevu.

"Hongera, baba," Minas alisema.

Brashi ilikuwa inadondosha rangi kwenye kiatu chake. Akaiona, akaiacha.

Pasaka ikapita, na mwanasheria akapita nayo. Minas alingoja mpaka wageni wote wametoka na Mzee amebaki na mfupa wa kondoo kwenye sahani.

"Baba, ile safari ya mjini."

"Ipi?"

"Ya kuandika boti."

Mzee akaufuta mdomo taratibu. "Minas, jina limepatikana."

"Ulisema nikiiamsha."

"Nilisema jina halina pa kwenda. Sasa lina pa kwenda. Unataka niwe mtu wa ajabu? Kijiji kizima kijue nina mjukuu Nikitas, na boti ya Nikitas nimempa mwingine?"

"Mimi si mwingine. Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana utaiendesha wewe. Nani mwingine? Sakellaris atakaa kule, wewe ndiye utakuwa baharini kila siku, unavuta hewa. Kumiliki ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, nipe mimi karatasi, yeye aje aendeshe."

 Mzee alichukua mfupa akaanza kuutafutia nyama isiyokuwepo.

"Mimi nilikuletea Nikitas," Minas akasema.

"Uliniletea mtoto," Mzee alisema bila kuinua macho. "Nikitas ni yule anayetoka kwenye maji."

Themelina alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. Aliiweka chini, akatoka nje, akakaa kwenye ukuta wa bandari hadi jioni. Hakuna aliyemfuata.

Siku ya pili yake Minas alishuka ufukweni, akaingia chini ya boti na ndoano ya chuma, akaitoa pamba kutoka kwenye kiungo kimoja, urefu wa dhiraa. Ilitoka kwa shida. Ilikuwa imepigwa vizuri. Akalala pale chini ameishika, akifikiria injini ikizama na mabenchi yakielea peke yao, na Sakellaris kule kwenye jua lake akiambiwa kwa simu. Kisha akasikia aibu ya kazi mbaya iliyoizidi hasira, akaloweka pamba mpya lami, akaipiga upya. Akamaliza rangi. Akafunga kompresa ya kujazia mitungi. Watu walisema Minas ana moyo. Hakuwa na moyo. Hakuwa na pengine pa kwenda, na stoo waliyolala ilikuwa ya Sakellaris.

Agosti wakaja. Sakellaris alimkumbatia hadi miguu ikaacha ardhi, akawaletea mabinti saa, akamletea Themelina manukato. Ubaya wake ulikuwa ni huo, hakuwa mtu mbaya. Alizunguka boti mara mbili akigonga mbao na kutikisa kichwa kwa furaha.

"Minas, hii si boti, hii ni mapambo. Ningekuwa na fundi kama wewe kule kwangu Darwin ningekuwa tajiri."

"Si wewe ni tajiri?"

Sakellaris akacheka sana, akampiga mgongoni. Kisha akasema rangi ya juu angependa iwe nyeupe, hii ya manjano ni ya kizamani, na Minas akaipaka nyeupe kwenye jua la mchana wakati wengine wamelala.

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Evdokia alishuka hadi stoo asubuhi, kabeba gauni la mtoto la hariri.

"Shemeji Themelina, samahani, huko juu pasi inakwaruza. Unaweza?"

Themelina alilipiga pasi. Alilipiga kwa kitambaa cha maji juu yake, pole pole, kila mkunjo, kila kifungo. Minas alikuwa anajifunga viatu.

"Wa kwetu alikuwa na nywele," Themelina alisema. Alikuwa anaisemesha pasi. "Huyu hana hata moja."

Kanisani Minas alisimama karibu na nguzo. Padri Gerasimos alimvua mtoto, akampaka mafuta mwili mzima hadi akawa anateleza, akamzamisha. Mtoto alipiga kelele za kuziba masikio. Mara ya kwanza, Nikitas. Mara ya pili, Nikitas. Kila jina lilipotajwa Minas alihisi kitu kinachukuliwa kutoka mikononi mwake, na alipotazama mikono ilikuwa mitupu. Yeye, mwanamume wa umri wake, na nywele zake za mvi, alimwonea wivu mtoto mchanga. Aliyaonea wivu yale mafuta, yale maji ya uvuguvugu, yale mapaja manene. Aliiona aibu ya jambo lile na haikumsaidia chochote. Mzee Nikitas alichechemea hadi mbele akabusu nyayo za mtoto, zote mbili, na watu wazima walilia.

Kwenye karamu, baada ya pweza na kabla ya mwanakondoo, Mzee alisimama na glasi. Alitoa bahasha kwenye koti, akaiweka kwenye kikapu cha mtoto, chini ya blanketi. Makaratasi ya boti. Mwanasheria alikuwa ameketi meza ya tatu, anakula.

"Nahodha wangu," Sakellaris alimwita Minas, akimwekea mkono shingoni. Alikuwa amelewa kidogo na anampenda kila mtu. "Umeona? Tumebaki hivyo hivyo. Wewe utaendesha, nitakupa mshahara wa msimu, majira ya baridi utaitunza. Ukihitaji kitu unamwomba mwenye boti." Akaelekeza glasi kwenye kikapu. Meza yote ikacheka.

"Mwenye boti hasemi bado," Minas alisema.

"Atasema. Sauti anayo, umeisikia kanisani."

Wakacheka tena. Minas naye alicheka. Themelina alimtazama kutoka upande wa pili wa meza, akasogeza chupa ya pombe ya uzo mbali naye.

Kesho yake asubuhi padri aliibariki boti kwa fungu la mrehani na maji matakatifu, akanyunyiza omo kule mbele, akanyunyiza injini, akamnyunyizia Minas kwa sababu alikuwa amesimama njiani. Sakellaris alitaka mzamo wa kwanza uwe wa familia: yeye na Evdokia, kwenye mapango ya chini ya rasi. Themelina alisema atabaki na mtoto nyumbani.

"Hapana shemeji, siku ya kwanza mwenye boti lazima awepo," Sakellaris akasema. "Atabaki juu na ami yake. Tunashuka mara moja tu."

Wakaenda. Injini ilishika mara ya kwanza. Boti ilikata maji bila kutikisika, mitungi imetulia kwenye mipira yake, turubai limetoa kivuli kizuri juu ya kikapu, na Minas kwenye usukani alijua kwamba ni boti bora kuliko yoyote katika bandari ile. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ingekuwa na kasoro angeweza kuidharau.

Chini ya rasi alitia nanga. Maji yalikuwa ya buluu nzito, mwamba umesimama wima, hakuna ufuko wa kukanyaga karibu. Aliwabebea mitungi, akawafunga mikanda, akakagua hewa ya Evdokia mara mbili. Sakellaris aliketi ukingoni, mapezi miguuni, akamkonyeza.

"Mtii bosi wako," akasema.

Wakajitupa kinyumenyume. Minas aliiona mitungi yao ikififia chini, kisha akayaona mapovu tu, mafungu mawili, yakitembea kuelekea kwenye mwamba. Mtoto akaamka, akalia. Minas akanawa mikono, akamtoa kwenye kikapu na kumpa chupa ya maziwa. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alinyonya kwa hasira, macho yamemkazia Minas, mkono mmoja umeshika kifungo cha shati lake. Kisha akalegea, na vidole havikuachia kifungo. Chini ya blanketi la kikapu bahasha ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Minas alisimama katikati ya boti na mwanawe asiye wake kifuani. Hakumchukia. Alijaribu. Mtoto alinuka maziwa na mafuta ya kanisani, na ule utosi usio na nywele ulikuwa unapanda na kushuka.

Mapovu yalirudi. Kichwa cha Sakellaris kikatoka, kisha cha Evdokia, karibu na tezi, wamechoka, maji yanawasukuma taratibu kuelekea kwenye mwamba. Ukingo wa boti ulikuwa juu yao, mrefu kuliko mkono wa mtu mwenye mtungi mgongoni.

"Ajabu," Sakellaris alisema akitema maji. "Ajabu kabisa. Haya, teremsha ngazi."

Ngazi ya chuma ilikuwa imekunjwa kwenye kulabu zake, hatua mbili kutoka aliposimama. Minas hakusogea.

"Minas. Ngazi."

"Kaka, punguza sauti."

Sakellaris akacheka kidogo. Evdokia hakucheka, alikuwa amejaribu kushika ukingo na mkono ukateleza kwenye rangi nyeupe. Wimbi dogo likampita juu ya kidevu.

"Minas, acha mzaha. Amechoka huyu. Teremsha."

Minas alimtazama mtoto. Alimfunika sikio kwa kiganja, kiganja chote, maana kichwa kilikuwa kidogo.

"Mwenye boti amelala," akasema. "Akiamka nitamwomba."